Kostiki na Mama Mkwe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimetumwa bandarini kulipokea pipa la kostiki, ile soda kali ya sabuni, la Mama Sekela, mtengeneza sabuni wa Kyela. Hilo halikuwa ajabu. Kazi yangu ndiyo hiyo, na leo asubuhi kweli natakiwa kwenda kulisemea mbele ya wakaguzi. Nami mbele za watu sauti hunipotea.

Pipa lilishuka melini kwa miguu yake. Lilikuwa limelowa chepechepe, na maji ya chumvi yalikuwa yamebandua lebo yake.

"Pole na safari," nikaliambia.

"Nimeshapoa, dada. Mama Sekela hajambo?"

Nikasema hajambo, ila masufuria yake yamelala baridi, na akina mama wenzake wameanza kuzungumzia kuvunja kikundi. Pipa likainamisha kifuniko.

Getini amekaa Muhuri. Ni mnene, wa mbao, amevaa miwani. Anaeleza kwa upole kwamba sheria iko wazi: kemikali isiyo na lebo haijulikani, na isiyojulikana hurudi ilikotoka. Nyuma yetu meli inaanza kukunja ngazi.

"Mimi ni kostiki," pipa linasema.

"Anayejitaja mwenyewe hahesabiki. Nani anakufahamu?"

Pipa linageuka kutazama foleni ya mizigo. Anayelifahamu ni mmoja tu, Mama Tindikali, pipa la buluu waliyesafiri naye meli moja. Hapo hapo pipa langu linajibanza mgongoni kwangu.

"Dada, nisitiri. Yule ni mama mkwe wangu."

Chuoni tulifundishwa kwamba tindikali na kostiki hazikai pamoja. Hakuna aliyetuambia kwamba ni kwa sababu ya heshima. Nikavua kanga yangu, nikaitandaza kati yao kama pazia.

Lakini mkwe hapitwi bila salamu. Kwa kuwa wenyewe hawakuweza kutazamana wala kusemeshana, salamu nikazibeba mimi. Nilipeleka shikamoo, nikarudi na marahaba. Nilipeleka habari za safari, nikarudi na habari za kichefuchefu. Muhuri alisubiri, maana salamu hazikatizwi. Hata meli iliacha kukunja ngazi, ikasikiliza.

Zilipokwisha, Muhuri akamuuliza Mama Tindikali kama anamfahamu huyu.

"Namfahamu tangu kiwandani," akajibu nyuma ya kanga. "Kijana mtulivu, akiachwa atulie. Lakini baba, jina la mkwe mimi silitamki. Muulize huyo binti."

Wote wakanigeukia. Bandari ikawa ukumbi wa mihadhara wa chuo chetu, na kreni zimekaa kwenye viti, zimekunja mikono. Nikatamani kuandika kikaratasi nikipitishe, kama nifanyavyo ofisini. Pipa likaniegemea kidogo, kama mtoto anayesinzia.

"Anaitwa Kostiki," nikasema.

"Sisikii," akasema Muhuri.

Nikavuta pumzi. "Anaitwa Kostiki. Ukimshika kwa mikono mitupu atakuunguza. Ukimmwagia maji atafoka. Yeye ndiye atiwe majini, kidogo kidogo, kwa subira. Lakini mpeni mawese na muda, atakuwa sabuni ya kufulia nepi za watoto."

Sauti yangu iligonga paa ikarudi. Kreni zikakunjua mikono. Nyuma ya kanga, Mama Tindikali akapenga kamasi.

"Pita, mwanangu," akasema Muhuri, kisha akaruka, akaligonga pipa katikati ya paji la uso.

Nikaamka. Dada yangu Tusa, ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa amekaa kitandani ananitazama.

"Huyo Kostiki ni nani?" akaniuliza. "Mpaka jirani amegonga ukuta."

Nikamwambia ni mtu wa kazini. Sauti ilitoka ikikwaruza, lakini ilitoka.

Kanga yangu ilikuwa sakafuni, imenyooshwa katikati ya chumba. Upande huu wake palikuwa na duara la maji, pana kama kitako cha pipa. Upande ule palikuwa na duara jingine kama hilo.

Nilivaa glavu kwanza. Kisha nikachukua tambara nikafuta, nikianza na upande wa mkwe.