Glasi ya Kwanza

Kigoda kilisafiri ndani ya begi, miguu imefungwa kwa khanga. Binti alikiunganisha sakafuni, akamsukumia baba yake. "Haya, fundi, kosoa."

Baba, fundi vigae ugenini, alikuwa na chumba kimoja na kiti kimoja. Hakuwa amemwona mwanawe uso kwa uso tangu mama mtu alipoolewa tena nchi nyingine. Alichukua pima maji yake, akaiweka juu ya kigoda. Kipovu kikatulia katikati.

"Nani kakusaidia?"

"Mikono yangu hii miwili."

Moyo ukamjaa. Kwao, anayemaliza kazi yake ya kwanza hupewa glasi ya kwanza ya bia, na anayemimina ni baba. Yeye alimiminiwa akiwa na miaka kumi na tano, tope la saruji bado kwenye kucha. Kisa hicho alikuwa amemsimulia binti kwenye simu mpaka akakikariri. Sasa zamu yake ya kumimina imefika, na keshokutwa mgeni anaondoka.

Wakaenda mgahawani. Akaagiza bia mbili.

"Kitambulisho cha dada," akasema mhudumu. Akakisoma, akakirudisha. "Miaka kumi na saba. Hapa ni ishirini na moja."

"Kwetu, kwa mama, bia ni kumi na sita," binti akasema.

"Huko kwenu. Hapa wataufunga mgahawa."

"Mimi ndiye baba yake!" fundi akasema.

"Hata ungekuwa babu yake, mzee wangu."

"Huyu ni seremala!"

"Basi nimletee seremala soda."

Meza ya jirani ikacheka. Fundi alisimama, shingo imemvimba, akaanza kueleza habari za kigoda kwa watu wasiomuuliza. Binti akamvuta shati. "Baba, keti. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako."

Walipotoka, fundi alielekea dukani. "Nanunua chupa mbili. Tunakunywa chumbani, mlango tunafunga."

"Wakikukamata watakurudisha ulikotoka."

"Wanirudishe! Hii haki yangu nimeingoja."

Binti akasimama. "Baba, nimeshakunywa."

"Ulikunywa wapi?"

"Nyumbani. Siku nilipokimaliza kigoda." Alitazama viatu vyake. "Nilimsimulia anko kile kisa chako cha babu. Akasema mila nzuri kama hii isinipite. Akanimiminia. Alidhani utafurahi."

Huyo bwana, mume wa mama mtu, hakuwa amekosea kitu. Hilo ndilo lililomuuma fundi.

"Ilikuwaje?"

"Chungu. Nikaitema kwenye sinki."

"Hata mimi niliitema," akasema, na ilikuwa kweli. Wakacheka kidogo, kisha wakalipita duka.

Alimsindikiza uwanja wa ndege Jumapili asubuhi. Mlangoni binti akamkumbatia, akasema, "Ukichoka kukitazama kigoda, kaa juu yake ufunge viatu."

Aliporudi alinunua chupa moja. Alikaa kwenye kiti, kigoda mbele yake. Akamimina glasi mbili, moja akaiweka juu ya kigoda. Bia ikalala sawasawa, haikuinama upande wowote. Alikunywa yake polepole. Ile nyingine aliitazama mpaka povu likaisha, akaenda kuimwaga kwenye sinki.