Maji ya Kujazia

Mshonaji alikuwa tayari kumwachia shemeji yake kila kitu cha marehemu mumewe: suti, redio, hata kitanda akikitaka. Lakini kile kioo cha samaki? Thubutu!

Kioo chenyewe kilikula nusu ya sebule. Ilikuwa bahari nzima mle ndani, na matumbawe yake, na taa ya buluu, na pampu inayonung'unika kutwa. Marehemu alikiacha kichanga, maji hayajatulia vizuri, na mjane ndiye aliyekipigania. Pampu ilipokufa alikoroga maji kwa mkono mpaka fundi akaja, huku wateja wakimpigia kelele mlangoni na nguo zao. Nusu ya matumbawe yalikufa, akalia. Yaliyobaki yakachipua, akapiga vigelegele peke yake kama mwehu. Na humo aliishi Bi Mkali, samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, aliyemng'ata kidole kila alipoingiza mkono. Jina alipewa na marehemu.

Kwenye kikao cha familia mama mkwe hakuzunguka. "Alikinunua mwanangu, kitakwenda kwa nduguye. Wewe cherehani inakutosha."

"Mama, nimewalea mimi wale."

"Samaki hawalelewi, mwanangu, wanalishwa."

Watu wakaangua kicheko. Shemeji, fundi wa kupaka rangi nyumba, alitazama kucha zake asiseme neno, na kile kimya chake kilimchoma mjane kuliko kicheko chenyewe.

Siku ya kukihamisha, shemeji aliuliza kila kitu kwa adabu: chakula, taa, pampu. Mshonaji alimjibu ukweli mtupu.

"Na maji yakipungua?"

Hapo ndipo shetani alipompitia. Maji ya kioo yakikauka, chumvi haiendi popote, inabaki palepale. Kwa hiyo hujaziwa maji yasiyo na chumvi hata chembe. Mshonaji alilijua hilo kama anavyojua sindano yake.

"Jazia ya chumvi, shemeji. Hawa wa baharini, au ulitaka kuwapa ya bomba?"

"Kweli bwana! Ningewaua mie."

Kipimo cha chumvi kilibaki kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Na tusidanganyane, aliona raha. Wiki zile alishona huku akiimba. Mara mojamoja Bi Mkali alimjia moyoni, akashika simu ampigie shemeji. Kisha akakikumbuka kile kicheko, akaiweka chini.

Asubuhi moja shemeji akabisha hodi, nyuma yake vibarua wanne wamebeba kioo kitupu na ndoo za samaki na matumbawe.

"Shemeji, nimegombana na mama mpaka basi. Nimemwambia hiki ni chako, akitaka anikane. Siku ile kwenye kikao niliogopa kufungua mdomo, nami silali vizuri tangu hapo. Nisamehe."

Mshonaji hakumsikia vizuri. Alikuwa ameinamia ndoo. Matumbawe yalikuwa meupe kama chokaa. Bi Mkali alilala ubavu chini kabisa, akihema.

"Safari imewachosha kidogo," shemeji akasema. "Lakini sikuwapunja, wallahi. Kila asubuhi maji ya chumvi, kama ulivyosema. Juzi walipoanza kuzubaa, nikawazidishia."

Mshonaji akaikimbilia droo, akamwaga vifungo sakafuni, akachovya kipimo. Mshale ukapitiliza mpaka mwisho. Akaanza kumimina maji yasiyo na chumvi, kidogokidogo. Akaingiza kidole ndooni, akamgusa Bi Mkali mdomoni. "Ning'ate basi. Ning'ate, mama." Bi Mkali hakumng'ata. Baada ya muda hakuhema tena.

Vibarua wakatoka nje polepole. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya vifungo, kofia mkononi, machozi yanamlengalenga.

"Nimekosea wapi, shemeji? Niambie tu."

Mshonaji alimtazama mtu huyu aliyekosana na mama yake kwa ajili yake. Ukweli ulimfika mpaka kwenye ulimi. Akaumeza.

"Ulizidisha chumvi," akasema.

Shemeji akapiga magoti palepale sakafuni, mwanamume mzima, akalia kwa sauti, akimwomba radhi yeye na marehemu kaka yake. Aliomba na kuomba, mpaka mshonaji akamwekea mkono begani, ule mkono uliolowa.

"Basi, shemeji, usilie," akamwambia. "Nimekusamehe."