Kompyuta Iliyokula Ulezi

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita ilikuwa siku ya kukabidhi kazi za mikono, na Mwalimu Mkuu Adolfu alikuwa ameweka kiti chake kwenye baraza ya ofisi kabla hata kengele haijagongwa. Upepo ulivuma kama kawaida yake mwezi huo. Watoto walipanga foleni wakiwa wamejikunyata, kila mmoja na alichotengeneza: fagio, mwiko, ungo, kikapu, mpini wa jembe. Mwalimu Mkuu alikagua, akatoa alama, akagawa vitu mafungu mawili. Vibovu vilirudi nyumbani na wenyewe. Vizuri vilikwenda nyumbani kwake. Ndivyo ilivyokuwa hapo na katika shule nyingi za jirani, na mke wa Mwalimu Mkuu hakuwahi kununua fagio tangu aolewe.

Hilaria wa darasa la saba alikabidhi kompyuta.

Ilikuwa ya udongo wa kichuguu, nyekundu, imechomwa ikaiva, na ilikuwa inafanya kazi. Mwalimu Mkuu aliigonga ubavuni kwa kidole kusikiliza kama ina ufa, akaiweka sakafuni kuona kama inakaa.

"Inayumba kidogo," alisema. "Themanini na mbili."

Shule hiyo, iliyokuwa kijijini nje kidogo ya barabara ya Mwazye, ilikuwa na kompyuta nyingine sita, za kiwandani. Wafadhili walizileta kwa lori mwezi wa tatu pamoja na bango lililosema TUWAANDAE WATOTO KWA WAKATI UJAO. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilimwagwa hadi minada ya vijijini, redio za kila sura ziliingia, mtu binafsi aliweza kufungua shule kama anavyofungua duka, na wakati ujao ulisemekana uko njiani unakuja. Bango likatundikwa. Kompyuta zikafungiwa stoo, kila moja na kitambaa chake cha kufuma, kusubiri mgeni rasmi wa kuzizindua na umeme wa kuziwasha. Mgeni rasmi alikuwa na shughuli nyingi. Umeme uliishia Sumbawanga mjini, na hata huko ulikuja siku ulipojisikia.

"Akiba haiozi," alisema Mwalimu Mkuu, akatia ufunguo mfukoni. Aliyeruhusiwa kuingia stoo alikuwa mwanawe Zenon peke yake, naye wa darasa la saba, ambaye kila Jumatatu alipangusa vumbi.

Mwalimu Klementina, aliyefundisha kazi za mikono na aliyekuwa mwepesi wa kukasirika, alikaa mwezi mzima akimwomba Mwalimu Mkuu ufunguo. Mwezi ulipokwisha aliichora kompyuta ubaoni kama alivyoikumbuka siku ya lori, akawaambia darasa la saba kwamba mwaka huu hataki fagio. Wengi walitengeneza za mabua ya mahindi. Hilaria alikwenda kwa bibi yake, Bibi Valeria, ambaye alikuwa mfinyanzi.

Bibi Valeria aliutazama mchoro, akaligeuza daftari juu chini, akautazama tena.

"Ndani kunakaa nini?"

"Sijui, Bibi. Hatujaonyeshwa."

"Sasa nitajuaje ukubwa wa tumbo?"

Wakakubaliana watie ulezi, kwa kuwa Mfipa akipewa chombo asichojua kazi yake hutia ulezi kwanza, mengine hufuata. Waliifinyanga, wakaikausha kivulini siku tisa, wakaichoma kwenye tanuru la kale la kuyeyushia chuma lililosimama nyuma ya shule tangu enzi za mababu bila kupewa kazi nyingine. Ilipopoa wakamimina kikombe kimoja cha ulezi kwenye tundu la nyuma. Herufi zikavimba usoni pake kama vipele vya surua, zikasema habari za asubuhi, zikalala. Bibi Valeria akajibu nzuri, akaendelea kupeta maharage.

Kwa desturi, kompyuta hiyo ilitakiwa iende nyumbani kwa Mwalimu Mkuu Ijumaa ileile. Mwalimu Klementina alisimama mbele ya fungu la vitu vizuri na hakuondoka.

"Mwalimu Mkuu, naomba hii ibaki darasani mpaka mwezi wa nane."

Wote walijua kwa nini. Sekondari mpya ya mtu binafsi ilikuwa imefunguliwa Katandala, mjini, nayo ilitangaza kwamba itachukua bure mtoto mmoja kutoka kila shule, mradi awe amekwisha kutumia kompyuta. Mtu wa kuwapima angekuja mwezi wa nane. Hilaria aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiota na kuamka amechoka. Baba yake alikwisha kumwambia, bila ukali, kwamba asipopata shule atapelekwa Ilemba, bondeni kwenye joto, kuamia ndege katika mpunga wa mjomba wake, na kwamba mjomba ana mpunga mwingi na ndege wako wengi zaidi.

Mwalimu Mkuu alifikiri, akachukua nyungo mbili za nyongeza, akakubali.

Kompyuta ilikaa mezani darasa la saba miezi miwili. Watoto walipeana zamu ya kuleta ulezi, kikombe kimoja kwa siku, na siku za hesabu kimoja na nusu. Iliandika barua. Ilijumlisha na kugawanya. Ilichora ramani ya Afrika, Ufipa ukiwa katikati na nchi nyingine zimesogezwa kidogo ili zipate nafasi. Wiki ya kwanza ilipata taabu kwa sababu ilikuwa imekulia kwa Bibi Valeria na ilizoea kuandika Kifipa, na shuleni Kifipa kilikatazwa. Ikavikwa kile kibao cha mbao anachovishwa shingoni mtoto aliyekutwa anazungumza lugha ya nyumbani, hadi naye amkute mwenzake ampasie. Ilikaa nacho siku mbili. Jumatano ikamkuta mtoto wa darasa la nne anagombana dirishani kwa Kifipa, ikamtaja jina kwa herufi kubwa, na kibao kikahamia kwake.

Kufika katikati ya mwezi wa saba watoto wote sabini na mmoja wa darasa hilo waliweza kuandika majina yao bila kutazama vidole, isipokuwa Zenon. Baba yake alimkataza kugusa udongo hali kwao kuna sita za kiwandani. Zenon alikaa dawati la nyuma, akabonyeza hewa wenzake walipobonyeza.

Mtu wa Katandala alifika kwa pikipiki tarehe tisa ya mwezi wa nane. Jina lake Bwana Leonidas. Alikung'uta vumbi kwenye koti, akapokea kikombe cha togwa, akatoa fomu.

Hilaria alimwamkia, akakaa. Aliandika barua ya kuomba nafasi, mistari kumi na minne, kwa muda ambao Bwana Leonidas alimalizia togwa. Kisha akapiga hesabu ya magunia ya mahindi ya kijiji kizima, akayapanga kwa kaya, akayapanga tena kwa herufi. Bwana Leonidas alivuta kiti karibu.

"Ina kasi kuliko ya kwetu," alisema. "Inakula nini?"

"Ulezi, mwalimu."

"Ya kwetu inataka jenereta." Aliandika kitu kwenye fomu, akageuza ukurasa. "Namba ya mtambo?"

"Haina, mwalimu."

"Hata ndogo? Kwa kawaida iko nyuma, au chini."

"Chini kuna dole gumba la bibi. Huwa anaweka kwenye vyungu vyake vyote."

Bwana Leonidas aliinua kompyuta kwa adabu, akatazama chini yake. Alama ilikuwepo, safi, na mistari yake yote. Alihesabu visanduku kwenye fomu. Vilikuwa kumi na kimoja, na kila kimoja kilitaka herufi au tarakimu.

"Dole gumba haliingii, binti."

"Lakini umeiona inafanya kazi," alisema Mwalimu Klementina.

"Nimeiona, Mwalimu, siwezi kukataa. Ila fomu haiulizi nilichokiona." Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, kisha akauliza kama kuna mtoto mwingine.

Mwalimu Mkuu akamwita Zenon. Zenon hakuwahi kubonyeza hata herufi moja maishani mwake, lakini alikuwa amepangusa migongo ya kompyuta sita kila Jumatatu kwa miezi mitano, na mtoto akikosa kazi ya maana hushika kichwani chochote kilicho mbele ya macho yake. Alisimama wima, akazitaja namba za mitambo yote sita, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata nukta. Bwana Leonidas alijaza visanduku vya ya kwanza, akamwambia inatosha, lakini Zenon alikuwa amekwisha kushika mwendo na hakuweza kusimama mpaka ya sita.

"Amezitumia kwa muda gani?"

"Tangu zilipokuja," alisema Mwalimu Mkuu.

Hilaria aliumia, tusizunguke. Alikwenda nyuma ya tanuru akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Mwalimu Klementina alikaa naye kwenye majani na hakumwambia kwamba Mungu ana mpango, kwa sababu siku hiyo hakuona mpango wowote. Zenon alikuja akasimama mbali nao kidogo. Alikuwa mtoto mwema. Alisema angependa kumwachia nafasi, ila hajui namba gani nyingine ya kujaza. Hilaria akamwambia aende tu.

Ijumaa iliyofuata kompyuta ilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, pamoja na mwiko uliosahaulika tangu mwezi wa sita. Iliwekwa sebuleni juu ya kabati, kando ya redio, na mke wa Mwalimu Mkuu akaifumia kitambaa chake. Mwezi wa kumi na moja Hilaria aliteremka Ilemba na begi moja. Watu waliotoka huko walisema ana kelele nzuri na ndege wanamwogopa. Zenon aliandika kutoka Katandala kwamba anaendelea vizuri, kwamba chumba cha kompyuta hufunguliwa mtu akifika kidato cha tatu, na kwamba kwa sasa yeye amechaguliwa kusimamia vumbi.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinanyesha, wafadhili walileta barua. Walitaka kujua ni watoto wangapi wamekwisha kuandaliwa kwa wakati ujao. Siku hiyo darasa la sita na la saba walikuwa shambani kwa Mwalimu Mkuu wakilima ntumba, yale matuta ya mviringo yanayofukiwa majani ndani, hivyo shule ilikuwa tulivu na yeye alibaki nyumbani apate kufikiri. Mwandiko wake haukuwa mzuri. Alifunua kitambaa, akaitia kompyuta ulezi kikombe kimoja na nusu, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja.

Aliwashukuru wafadhili. Aliwaarifu kwamba mitambo yote sita ni mizima, haina hata mkwaruzo. Aliomba mingine sita, na stoo kubwa zaidi. Kisha akaeleza kwamba, ukiondoa mwanafunzi mmoja ambaye sasa anasoma Katandala, watoto wa huku hawana mwamko wa teknolojia, na wazazi wao hawawahamasishi.

Hapo herufi ziliacha kuvimba. Kompyuta ikaandika mstari wake yenyewe.

"Hakuna mwingine hata mmoja?"

Mwalimu Mkuu alitafakari, kwa sababu alipenda taarifa zake ziwe sahihi. Nje sauti za watoto zilisikika kutoka shambani, wakiimba ili majembe yaende pamoja.

"Hakuna," alibonyeza.

Kompyuta ikaandika hivyo, na haikukosea hata herufi moja.