Kompyuta Iliyoshika Sabato

Kemuma alikuwa na miaka hamsini alipoanza kujifunza kompyuta, na kila jioni, kabla ya kugusa kibodi, aliinamisha kichwa akaomba. Mwalimu wake, Motari, alimngoja amalize.

"Mama, iombee na stima isipotee," alimwambia siku moja.

Kemuma akaiombea stima pia.

Mchana alikuwa akipokea wagonjwa katika kliniki ndogo ya macho mjini Homa Bay. Kilichomchosha zaidi ni kuwapigia simu wagonjwa wa upasuaji, mmoja baada ya mwingine, kuwaambia kwamba daktari anakuja kesho. Basi, Motari akimwelekeza, aliandika skripti, yaani mistari michache ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe kila asubuhi. Skripti iliuliza tarehe ya kesho kwa amri ya date, ikatafuta wagonjwa waliopangiwa siku hiyo, ikawatumia ujumbe kwenye simu zao.

Kisha akaongeza mstari mmoja ambao hakufundishwa na mtu: leo ikiwa Jumamosi, usitume chochote. Kemuma ni Msabato. Amri ya Mungu inampumzisha hata punda, sembuse kompyuta.

Mambo yakaenda vizuri, kwa kuwa daktari alikuwa akija katikati ya wiki. Lakini safari hii alipanga kuja Jumapili, na baada ya hapo hangerudi hadi mwaka ujao.

Asubuhi ya Sabato, Kemuma akitoka kwenye somo la Biblia, alimkuta Joyline langoni mwa kanisa. Mama yake Joyline, Bi Nyamusi wa Magunga, alikuwa akingoja kutolewa mtoto wa jicho.

"Dada, naomba nikuibe kidogo kwa Mungu," alisema Joyline. "Mama hajapata ujumbe. Tangu alfajiri ameshika simu kama yai."

"Utafika tu. Daktari ni kesho, kwa hiyo ujumbe unatoka leo..."

Leo ni Jumamosi. Kompyuta ilikuwa imelala, kama alivyoiamuru. Kesho ingeamka na kuuliza tarehe ya kesho yake, ikawatafuta wagonjwa wa Jumatatu. Wa Jumapili hakuna ambaye angewaita.

"Mlete mama kesho asubuhi," alisema taratibu. "Asisubiri ujumbe."

Joyline akashukuru akaenda zake. Lakini wagonjwa wengine hawakuwa na Joyline, na majina yao yalikuwa ndani ya kompyuta ya kliniki. Kemuma alirudi kanisani, akapiga magoti kwenye kiti cha nyuma. Hakusikia sauti yoyote. Alichokiona ni mikono ya Bi Nyamusi ikipapasa ukuta wa kliniki kutafuta mlango. Akainuka, na kwaya ikiimba, akatoka.

Stanley, mlinzi wa kliniki, alimtazama akiwa katika gauni lake la ibada.

"Dada Kemuma, leo umepotea siku?"

"Siyo mimi, Stanley. Ni mashine niliyoifundisha vibaya. Nifungulie."

Aliwasha skrini ya kompyuta. Akaweka alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari wake wa Sabato, ili kompyuta iuruke, kisha akaiendesha skripti kwa mkono wake. Ujumbe ukaanza kuondoka, jina kwa jina.

Alijua dawa yenyewe: siku ya Ijumaa, skripti iulize tarehe ya kesho na ya keshokutwa, itume ujumbe wa siku zote mbili kabla jua halijazama. Vidole vilimwasha kuiandika hapo hapo. Lakini hiyo ingeweza kungoja jioni, na wagonjwa hawangeweza. Akazima skrini, akarudi kanisani, akakuta mahubiri yamefika katikati.

Jumapili asubuhi mabenchi ya kliniki yalijaa. Bi Nyamusi aliketi mwishoni, Joyline amemshika mkono. Aliposikia sauti ya Kemuma, akageuza uso.

"Wewe ndiye uliyevunja Sabato kwa ajili yetu?"

"Sijui kama niliivunja, mama. Bado naomba juu ya jambo hilo."

"Basi usihangaike," alisema Bi Nyamusi, akiinuka kwa kuwa jina lake limeitwa. "Wakinifungua hili jicho, nitakutazamia kama kuna vipande."