Nafasi Moja Kwenye Terne

Katika ghuba ile ya kusini mwa Grenada, mabaharia wanaosubiri msimu wa vimbunga upite hawajuani kwa majina ya ukoo. Wewe ni fulani wa chombo fulani, basi. Gunvor alikuwa Gunvor wa Terne, mke wa Torleif, yule mwanamke Mnorwei ambaye akioka mkate ghuba nzima inanukia. Kila asubuhi kulikuwa na baraza redioni. Desmond, Mwingereza mwenye sauti ya shemasi, ndiye aliyeliendesha: hali ya hewa, wanaofika, wanaoondoka, anayetafuta baharia wa kumsaidia, anayeuza tanga kuukuu. Wote walisikiliza, na aliyesema hasikilizi alikuwa mwongo.

Asubuhi hiyo Gunvor alikuwa anakanda unga, moyo uko kwao Bergen. Binti yao Sunniva alikuwa mjamzito, na Torleif alikuwa ameahidi, tena kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba msimu ukiisha wanauza mashua wanarudi nyumbani. Desmond akauliza nani anaondoka. Ikajibu sauti ya mumewe, aliyekuwa juu sitahani na redio ya mkononi.

"Terne hapa. Tumejiunga na msafara wa Panama. Tunavuka Pasifiki!"

Pongezi zikamiminika kutoka kila chombo. "Hongera, Terne!" "Gunvor, sasa mkate tutaokewa na nani?" Naye kasimama pale, unga hadi viwikoni, anapongezwa kwa msiba wake.

"Si ungeniambia mimi kwanza?" alimuuliza Torleif aliposhuka.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Sasa unaona? Na nimeshatangaza, Gunvor. Watu watatuonaje tukirudi nyuma?"

Hapo ndipo palipomchoma. Ahadi aliyompa mkewe aliivunja bila hata kupepesa macho, lakini ile aliyowapa majirani, ah, hiyo ilikuwa haivunjiki.

Kesho yake, Desmond alipofika kwa wanaotafuta mabaharia, Gunvor alimtangulia mumewe kwenye redio. "Terne ina nafasi moja. Anatakiwa mtu wa kupika, wa kushika zamu ya usukani, na asiyehitaji kuulizwa lolote. Aliyekuwepo anaacha kazi leo."

Kisha Desmond akakohoa, akatangaza tanga linalouzwa.

Haukupita muda, Pip, rafiki yake wa chombo cha jirani, akaja na boti lake la mpira.

"Shoga, umemvua nguo mumeo mbele ya ghuba nzima!"

"Kwani yeye jana alinivisha?"

"Mambo ya chomboni yanaishia chomboni. Ungekuja kwangu ukalia, halafu ukanyamaza. Sote tunafanya hivyo."

"Nipeleke ufukweni, Pip. Begi langu liko tayari."

Pip akayaangalia maji. "Injini yangu inanisumbua leo," akasema. Kisha akaivuta mara moja tu, ikawaka, akaenda zake.

Ghuba ile, ukisema tu redioni kwamba umekwama, watu huja mbio kama wameitwa harusini. Gunvor akabonyeza kitufe, akaomba mtu wa kumfikisha nchi kavu.

"Nani anaita?" akauliza Desmond, aliyekula mikate yake msimu mzima. "Chombo gani?"

Alifungua kinywa kusema Terne, akakifunga. "Gunvor," akasema. "Gunvor tu."

Hakuna aliyejibu. Alisubiri mpaka aibu ikamchosha, akashusha begi mwenyewe kwenye boti lao dogo la makasia. Torleif akashuka nyuma yake, akashika makasia.

Katikati ya njia aliacha kupiga kasia. Angesema neno moja tu, nisamehe, basi. Gunvor angerudi naye, na Pasifiki angeivuka, Mungu amhurumie.

"Gunvor," akasema Torleif, "hamira umeiweka wapi?"