Kipande cha Shangazi

Mashindano haya ya kimataifa ya piano hayana huruma. Mtunzi ni mmoja tu, aliyekufa zamani, na raundi ya kwanza kila mshindani anapiga kipande kilekile. Ukikaa nyuma ya pazia kusubiri zamu yako, wenzako wote unawasikia, utake usitake.

Ndivyo binti mmoja, akisubiri zamu yake, alivyoingiwa na ubaridi. Karibu na mwisho, pale mkono wa kushoto unaposhuka, aliyekuwa jukwaani alipiga nota ambazo binti hakuzijua kabisa. Kakosea, alijisemea, pole yake. Wa pili naye akapiga vilevile. Wa tatu, vilevile.

Kipande hicho alifundishwa na shangazi yake, fundi cherehani, aliyekidaka redioni enzi za usichana wake. Vingine vyote binti alivisoma kitabuni. Hiki hakuwahi kukifungulia kitabu. Alikuwa nacho vidoleni tangu utotoni, akitafute cha nini? Sasa alielewa. Redio ilikwaruza pale, na shangazi akaliziba pengo kwa akili yake, kama anavyoziba matundu ya nguo za watu.

Na shangazi mwenyewe alikuwa ukumbini, safu ya mbele, kajipamba huyo! Naye alikuwa akiwasikia wote.

Afanyeje? Nota sahihi alikwisha kuzinasa kwa masikio, angeweza kuzipiga. Lakini azipige mbele ya shangazi, amwambie hadharani kwamba miaka yote hiyo alimfundisha makosa? Viganja vilimlowa jasho, akavifuta kwenye gauni, vikalowa tena.

"Dada, zamu yako," msimamizi alimwita.

Alipiga. Alipofika pale, akapiga cha shangazi, bila kusita. Jaji mmoja aliinua kichwa, kisha akaandika.

Jina lake halikusomwa miongoni mwa waliopita. Shangazi alimkuta kwenye korido, macho yamemwiva.

"Uliwasikia wenzako?"

"Niliwasikia, shangazi."

"Na ungeweza kupiga kama wao?"

"Ningeweza."

Shangazi alimshika mabega akamtikisa hasa. "Mjinga wewe! Nimekaa pale roho mkononi, namwomba Mungu unikane tu, upite! Nani alikutuma unionee huruma?"