Mimba Iliyobaki Mahame

Sista Sabina alimwambia Zainabu avue kandambili, apande mizani. Sindano ikasimama palepale ilipokuwa ikisimama kabla Zainabu hajashika mimba. Sista akamtazama tumbo. Lilikuwa bapa, na kanga ilizunguka kiuno chake mara mbili bila taabu.

"Kliniki iliyopita ulikuja na mimba kubwa," alisema. "Umeiacha wapi?"

"Nyumbani, Sista. Kwenye nyumba ya zamani."

"Basi kailete. Siwezi kupima mimba ambayo haipo."

Akamfunua kope, akaona damu haitoshi, akampa vidonge. Kisha akamwita mama aliyefuata kwenye benchi.

Zainabu hakuwa mzembe. Lori la Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vipya lilifika asubuhi muhogo ukiwa bado jikoni, na mgambo walikuwa na haraka zao. Waliezua paa ili mtu asipate hamu ya kurudi, wakarusha vinu, mikeka na kuku juu ya lori, wakawapandisha watu juu ya hivyo vyote. Sasa, katika ukoo wa Mussa, mumewe Zainabu, mwanamke mjamzito hahami kimyakimya. Mkwewe huinama mekoni akamwambia mtoto wa tumboni wanakwenda wapi na kwa sababu gani, ndipo watu watoke. Siku hiyo, katika purukushani ile, hakuna aliyekumbuka. Lori lilipovuka kijito Zainabu alijihisi mwepesi, akadhani ni njaa. Aliposhuka kwenye kiwanja chao katika kijiji kipya, hakuwa na tumbo.

Bi Somoe, mama yake Mussa, alimtazama juu hadi chini, akapiga kofi moja la majuto.

"Tumeondoka hatukumwambia ntoto!"

Zainabu alilia sana. Mimba yake ya kwanza ilitoka changa, na hii aliipenda kwa woga, kama mtu anayebeba yai kiganjani.

Kwenda mahame, kule walikohamishwa, mchana kupalilia mikorosho kuliruhusiwa, mradi kila mtu awe amerudi kabla jua halijatua. Kwa hiyo Zainabu alikwenda. Kila alipotia mguu kwenye kijito mimba ilimrudia. Kanga ilimbana, mgongo ukauma, na mtoto akajigeuza kwa kishindo, kama aliyekuwa akimngoja kwa hasira. Zainabu alisimama, maji yakimfika vifundoni, mikono juu ya tumbo, akasahau hata jembe alilokuwa amelibeba. Hakuna kitu kilichopata kumjaza moyo namna ile, na kila jioni, akirudi, alipaswa kukiacha ng'ambo.

Maandalizi aliyafanya kama mama yeyote. Alichana shuka kuukuu vipande vya kumpokelea mtoto, akatafuta wembe mpya, uzi na sabuni, akavipanga kikapuni. Lakini kikapu hakujua akiweke wapi. Uchungu ukimkamata kijijini, angezaa nini?

Bi Somoe alikwenda kurekebisha kosa. Aliinama mekoni, ndani ya nyumba isiyo na paa, akamsifia mtoto kijiji kipya: kina bomba, kina shule, kina zahanati ya kutupa jiwe tu. Alisifia mpaka sauti ikamkauka. Jioni Zainabu alivuka kijito, tumbo likabaki nyuma kama kawaida. Mtoto wa tumboni hadanganyiki, na lile bomba lilikuwepo lakini maji hayakuwemo.

Mwezi wa kujifungua ulipoingia, Sista Sabina aliona heri aifuate mimba mwenyewe. Alikuwa Mngoni wa Songea, Mkristo, mtu wa sheria za kazi, na pembe yake ya bati ya kusikilizia mapigo ya mtoto haikumtoka mkobani. Walivuka pamoja. Sista alimlaza Zainabu kwenye mkeka, akapapasa, akakuta kichwa kimeshashuka. Ndipo akaweka pembe tumboni, akatega sikio. Akaihamisha kushoto, akaihamisha kulia, akaileta chini ya kitovu. Mtoto alikuwa akirusha mateke, lakini mapigo hayakusikika.

Sista alifikiri kidogo. Kisha akapiga magoti mekoni, akaisimika pembe juu ya majivu baridi, akainamisha kichwa.

"Yapo," alisema.

Hakuinuka upesi. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji, na hakuyafuta. Akamsaidia Zainabu kuinama. Zainabu akamsikia mwanawe, mbio na bila kuchoka, chini ya majivu, chini ya kizingiti, mpaka kule kwenye mizizi ya mikorosho, ardhi yote ikimdundia sikioni. Akaona haya kuwa aliwahi kuikanyaga kwa miguu mitupu.

"Mapigo mazuri," Sista alisema. "Utazalia hapa."

Katibu wa kijiji, Bwana Lukasi, alitoa ruhusa ya kuzaa. Ruhusa ya kulala hakutoa.

Uchungu ulianza alfajiri, na kabla ya adhuhuri Zainabu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mbingu ikiwa wazi juu yao, maua ya mikorosho yakiwaangukia. Mtoto alilia kwa sauti ya kutosha nyumba mbili. Jua lilipoanza kuinama, Zainabu alisema mwenyewe, bila kumwachia mkwewe.

"Mwanangu, tunakokwenda maji hakuna. Mikorosho yetu itakuwa mbali. Hatukupenda, tumeambiwa. Lakini mimi niko huko, na ziwa utakalonyonya liko huko."

Mtoto akavuka kijito mikononi mwake, na uzito wake wote. Zainabu alicheka na kulia njia nzima.

Kliniki iliyofuata mtoto alipimwa, akakutwa na uzito mzuri. Sista aliweka pembe kifuani pake. Hakukuwa na mdundo wowote, na mtoto alikuwa akiinyonya kanga ya mama yake kwa raha zake.

"Moyo ameuacha," Sista alisema. "Mengine yote yanaendelea vizuri."

Alipokuja bwana mmoja kutoka wilayani kukagua kijiji, Bi Somoe alimfuata na mjukuu wake. Alimweleza habari yote, akamwomba awaruhusu warudi, maana ntoto hawezi kukaa mbali na moyo wake. Yule bwana alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Akampokea mtoto, akamrusharusha, mtoto akacheka.

"Lakini mwenyewe si huyu hapa?"

"Ndiye, bwana."

"Basi amehama," alisema, akamrudisha.

Zainabu akampokea mwanawe, akamfunga mgongoni. Jua lilikuwa bado juu na njia haijafungwa, akaenda naye mahame kumsikiliza.